Ng'ombe Aliyekatwa na Ritifaa: Mhadhara Kuhusu Makosa ya Tagi Katika Kurasa za Wavuti



Nimeandika mstari mmoja ubaoni, na naomba tuutazame kabla ya jambo lingine lolote.

<img src='zizi.jpg' alt='Ng'ombe wa maziwa akiwa zizini'>

Aliyeuandika ni mtu makini. Ameweka picha, na amekumbuka kuweka maelezo ya picha kwa ajili ya asiyeweza kuiona, jambo ambalo wengi hawalifanyi kabisa. Kiswahili chake ni safi. Hata ritifaa ya ng'ombe ameiweka mahali pake. Ukifungua ukurasa huu kwenye simu, picha inatokea. Kwenye kompyuta inatokea. Mwenye kazi akiutazama ataupokea na kulipa. Sasa mpe simu hiyo hiyo mtu asiyeona, anayesikiliza kurasa kwa programu ya kusoma skrini. Akifika kwenye picha atasikia "Ng", basi. Ng'ombe hayupo, maziwa hayapo, zizi halipo.

Kilichotokea ni hiki. Mwandishi alifungua maelezo kwa alama moja ya kunukuu, kwa hiyo kivinjari kikawa kinasubiri alama nyingine kama hiyo ili kijue maelezo yameisha. Kikaikuta katikati ya neno ng'ombe, maana kwenye kibodi zetu ritifaa na alama moja ya kunukuu ni kitufe kimoja. Maelezo yakaishia "Ng". Maneno yaliyobaki yakahesabiwa kuwa sifa nyingine za picha: sifa iitwayo ombe, ya pili wa, ya tatu maziwa, ya nne akiwa, na ya tano zizini yenye ritifaa mkiani. Kivinjari hakikuuliza ombe ni kitu gani. Kilizipokea zote tano kimya kimya, kikaonyesha picha, kikaendelea na mstari uliofuata.

Ukimya huo ndio ulionileta hapa leo. Katika lugha nyingi za programu, ukikosea alama moja kazi yote inasimama na unaambiwa umekosea wapi. HTML haiko hivyo. Kosa la tagi halimrudii aliyelifanya. Linampita, linapita kwa mkaguzi, linapita kwa mwenye kazi, na linakwenda kumwangukia mtu wa mwisho kabisa: anayesikiliza badala ya kuona, au mwenye simu ya bei nafuu anayebonyeza kitufe kisichojibu. Mtu huyo hana namna ya kujua kwamba tatizo ni mkwaju mmoja uliosahauliwa. Atadhani yeye ndiye hajui kutumia mtandao.

Kwa nini vivinjari vinyamaze? Inafaa tulijue hilo, kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa kurekebisha. Tim Berners-Lee alipoanza kuitengeneza lugha hii kule CERN, Geneva, orodha yake ya kwanza ya mwaka 1991 ilikuwa na tagi zisizozidi ishirini, na waliotarajiwa kuziandika walikuwa wanasayansi wenye kazi zao nyingine. Miaka michache baadaye Netscape na Internet Explorer zikawa zinagombea wasomaji. Fikirieni hali ilivyokuwa: kivinjari kinachokataa kuonyesha ukurasa wenye kosa, huku jirani yake anauonyesha, kingeonekana kibovu chenyewe. Kwa hiyo kila kimoja kikajifunza kukisia mwandishi alikusudia nini, na kila kimoja kikakisia kwa namna yake. Ukurasa uliokaa vizuri huku, ulivurugika kule.

Wapo waliotaka kukomesha hali hiyo kwa ukali. XML ilipotoka mwaka 1998 ilikuja na sheria kwamba kosa moja la muundo linatosha kusimamisha usomaji wote, na mwaka 2000 XHTML ikaileta sheria hiyo kwenye kurasa za wavuti. Ungesahau kufunga tagi moja, msomaji angeona ujumbe wa kosa badala ya habari aliyoifuata. Kwenye vivinjari vya Mozilla ujumbe huo ulikuja kwa rangi ya njano, na wakongwe wa kazi hii hawajausahau. Sheria hiyo haikushika. Internet Explorer, iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi kuliko zote, haikukubali kusoma XHTML kwa utaratibu wake halisi mpaka toleo la 9 mwaka 2011, hivyo kurasa nyingi zilizojiita XHTML zilipelekwa kama HTML ya kawaida na makosa yake yakasamehewa kama zamani.

Njia iliyoshinda ilianza mwaka 2004, pale watu wa Apple, Mozilla na Opera walipounda kundi la WHATWG. Wao hawakujaribu kuwabadilisha waandishi. Waliandika, hatua kwa hatua, kivinjari kifanye nini kikikutana na kila aina ya kosa: tagi isiyofungwa, tagi zilizopishana, kitu kilichowekwa mahali pasipo pake. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa HTML5, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2014. Maana yake kwetu ni kubwa kuliko inavyosemwa madarasani. Leo vivinjari vyote hulikisia kosa lako kwa namna moja. Matokeo ya kosa yana kanuni, na chenye kanuni kinaweza kufuatiliwa mpaka chanzo chake. Fundi wa kurasa anayerekebisha kwa kubahatisha, akiongeza div hapa na kuondoa pale mpaka ukurasa "ukae", anafanya kazi ya giza ilhali taa ipo.

Sasa niingie kwenye komponenti, kwa sababu humo ndimo makosa haya yamepata maficho mapya. Tangu React ilipotolewa mwaka 2013 na Vue ikafuata mwaka 2014, na hata kabla yake kwa wanaotumia violezo vya PHP au Django, ni wachache sasa wanaokaa na kuandika ukurasa mzima kutoka juu mpaka chini. Tunaandika vipande: kadi, fomu, kitufe, kichwa cha ukurasa. Kila kipande kina faili yake, mara nyingi na mwandishi wake. Ukikisoma peke yake hakina kasoro. Kosa halimo ndani ya kipande chochote. Limo pale kimoja kinapoingia ndani ya kingine, na pale hapana faili ya kufungua.

Hili nililijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa watatu, tukikijengea chama kimoja cha akiba na mikopo ukurasa wa wanachama kuomba mkopo. Mimi niliandika fomu kubwa: jina, namba ya uanachama, mdhamini, kiasi, muda wa kulipa, na chini kabisa kitufe cha Tuma. Mwenzangu alikuwa na kipande cha kumtafuta mdhamini, unaingiza namba yake, unabonyeza Tafuta, jina linatokea. Kipande hicho kilikuwa kikifanya kazi vizuri kwenye ukurasa mwingine, hivyo tukakichukua kama kilivyo na kukiweka kwenye safu ya mdhamini. Seva ikaviunganisha, tukautazama ukurasa kwa macho, umekaa sawa. Tukaukabidhi.

Simu zikaanza wiki ile ile. Mama mmoja alinipigia mwenyewe, namba alipewa ofisini. "Mwanangu," aliniambia, "nimebonyeza Tuma mpaka kidole kinauma, haiendi." Wakati huo huo maofisa wa mikopo wakawa wanapokea maombi ya ajabu: jina lipo, namba ya uanachama ipo, kiasi cha mkopo hakipo. Tulipekua seva siku mbili. Tukapekua JavaScript. Tuliamini kosa kubwa namna hii lazima liwe na sababu kubwa.

Kipande cha kumtafuta mdhamini kilikuwa na tagi yake ya form. Na kanuni ya HTML ni kwamba form haikai ndani ya form. Kivinjari kilipokutana na tagi ya pili ya kufungua, kiliipuuza kana kwamba haikuandikwa. Lakini kilipokutana na tagi ya kufunga, hiyo hakikuipuuza; kiliitumia kuifunga fomu iliyokuwa wazi, yaani fomu yangu kubwa. Kuanzia hapo kila safu iliyofuata ikawa imebaki nje. Kiasi kilikuwa nje, muda wa kulipa ulikuwa nje, na kitufe cha Tuma kilikuwa nje, hakina fomu ya kutuma, kwa hiyo ukikibonyeza hakuna kinachotokea. Kitufe cha Tafuta nacho, kwa kuwa fomu yake ilikuwa imepuuzwa, kikawa mali ya fomu kubwa. Ukimtafuta mdhamini, unatuma ombi lililokatika katikati.

Tuliliona dakika tulipofungua kikaguzi cha kivinjari na kuufuata mti wa ukurasa badala ya faili zetu. Kitufe cha Tuma kilionekana wazi kabisa kikiwa nje ya form. Marekebisho yalichukua dakika kumi: kipande cha mdhamini kikavuliwa tagi ya form, na kitufe chake kikapewa type="button", kwa sababu kitufe kisichotajwa aina ndani ya fomu huhesabiwa kuwa cha kutuma. Kama mngehitaji fomu mbili kweli, HTML ina sifa ya form inayowekwa kwenye kisanduku au kitufe ili kukiunganisha na fomu iliyoko mahali pengine kwa kutaja id yake; fomu ndogo ingekaa nje na visanduku vyake vingebaki pale pale. Wanachama waliokuwa wamejaza maombi wiki ile walilazimika kuanza upya, na yule mama alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Sijaweza kulisahau hilo.

Kanuni kama hii ya form zipo nyingine, na kila moja ina namna yake ya kujificha. Kiungo ndani ya kiungo: umetengeneza kadi ya bidhaa, kadi nzima ni kiungo, kisha mwenzako anaingiza ndani yake kiungo cha jina la muuzaji. Kivinjari kikikutana na a ya pili hufunga ya kwanza, na kadi yako inapasuka vipande. Kitufe ndani ya kitufe nacho vivyo hivyo.

Linalosumbua watu wengi zaidi ni la aya. Tagi ya p hufungwa yenyewe ikikutana na div, orodha, jedwali au kichwa cha habari. Hiyo si hitilafu, imekusudiwa tangu zamani ili watu wasilazimike kufunga aya. Sasa chukua komponenti ya Maelezo inayofunika chochote inachopewa kwa p. Siku ya kwanza inapewa sentensi mbili, yote shwari. Siku ya kumi mhariri anaweka orodha ya masharti kupitia kihariri cha maandishi. Aya inajifunga kabla ya orodha, orodha inakaa nje ya aya, na tagi ya kufunga uliyoiandika wewe, ikikosa aya iliyo wazi, inaunda aya mpya tupu. Kwenye skrini unaona pengo ambalo halielezeki. Nimeona mafundi wazuri wakiliziba pengo hilo kwa CSS, wakiweka nafasi hasi chini ya orodha, na nafasi hiyo hasi ikaja kula maandishi ya ukurasa mwingine miezi mitatu baadaye. Tiba yake ni neno moja: kipande kinachopokea maudhui usiyoyajua kifunikwe kwa div, si kwa p.

Kwa wanaotumia React inayotayarisha kurasa kwenye seva, kosa hili lina sura ya pili. Seva hutuma maandishi, kivinjari huyageuza kuwa mti kwa kanuni zake, kisha React huja kujishikiza kwenye mti huo ikitarajia kuukuta kama ilivyouacha. Ikiikuta div imetoka nje ya p, hulalamika kwamba vilivyoko haviwiani na ilivyovitarajia. Wengi wakiona lalamiko hilo hukimbilia kutafuta tarehe au namba za kubahatisha zinazotofautiana kati ya seva na simu. Hizo ni sababu za kweli, lakini angalieni kwanza upangaji wa tagi. React yenyewe hutoa onyo wakati wa kutengeneza, ikitaja tagi ipi haiwezi kuwa ndani ya ipi. Onyo hilo lina maana. Msizoee kulipita.

Niseme kidogo kuhusu mkwaju wa kujifungia. Tagi kama br, hr, img, input, meta na link hazina tagi ya kufunga kabisa. Ziko hivyo kwa asili. Zilizobaki lazima zifungwe au ziwe na ruhusa maalumu ya kutofungwa. Katika JSX ya React unaruhusiwa kufunga chochote kwa mkwaju, na br usipoifunga programu hukataa. Kwa hiyo vidole vinazoea. Ukitoka hapo ukaandika HTML ya kawaida yenye tagi ulizozibuni mwenyewe, unaweza kuandika hivi:

<kadi-bidhaa />
<kadi-bidhaa />
<kadi-bidhaa />

Macho yako yanaona kadi tatu zimepangana. Kivinjari hakiutambui mkwaju ule kwenye tagi ya namna hii, kinaupuuza. Kinaona tagi tatu zimefunguliwa na hakuna iliyofungwa: kadi ya tatu imo ndani ya ya pili, ya pili imo ndani ya ya kwanza, na kila kinachofuata kwenye chombo kile kinaingia tumboni mwa kadi ya mwisho. Kama kadi zako zina Shadow DOM (mti wa ndani wa komponenti) isiyo na nafasi ya kupokea vilivyomo ndani, unaona kadi moja tu na nyingine zimetoweka. Andikeni <kadi-bidhaa></kadi-bidhaa>, kila mara. Kistari katikati ya jina nacho si pambo: bila kistari kivinjari hakikubali kwamba ni tagi yako. Tena herufi kubwa utakazoandika kwenye majina ya tagi katika HTML zitageuzwa kuwa ndogo, majina ya sifa pia. Ndiyo sababu sifa uliyoiita beiMpya haifiki kwenye komponenti. Imefika kama beimpya.

Jedwali lina tabia yake peke yake. Ndani ya table kivinjari hukubali vitu vichache sana, na kikikuta tagi ngeni, iwe div au komponenti yako ya safu, huitoa na kuiweka juu ya jedwali. Ukiona maandishi yamepanda yakatangulia jedwali lenyewe, usihangaike na CSS. Safu iandikwe kwa tr, na kama ni Vue inayosoma kiolezo moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa, kuna sifa ya is ya kuiambia tr kwamba yenyewe ni komponenti fulani.

Halafu id. Id ni jina la kitu kimoja kwenye ukurasa mzima, lakini komponenti hutumika mara nyingi. Ukiandika kisanduku cha namba ya simu chenye id="simu" na lebo inayokielekeza, kisha ukakitumia mara mbili, moja ya mwombaji na moja ya mdhamini, lebo zote mbili zitaelekeza kwenye cha kwanza. Mtu anagusa maneno "Simu ya mdhamini", kielekezi kinaruka kwenye simu yake mwenyewe. Asiyeona anafika kisanduku cha pili na haambiwi ni cha nini. React, toleo la 18 la mwaka 2022, imeleta useId kwa kazi hii hii. Kwingineko, komponenti ipewe id kutoka nje na anayeitumia.

Nirudi kwa ng'ombe wangu, kwa sababu hapo pana jambo letu sisi waandishi wa Kiswahili. Tuna ritifaa katikati ya maneno yetu mengi ya kila siku: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'ara, kung'uta. Na tuna majina ya watu. Akina Ng'ang'a wa Kenya, na majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'wa. Chukua fomu ya kuhariri taarifa za mwanachama, kisanduku cha jina kimefungwa kwa alama moja ya kunukuu, na jina linatoka kwenye hifadhidata likimwagwa humo bila kusafishwa. Mzee Ng'ang'a anafungua ukurasa kubadilisha namba ya simu tu. Kisanduku cha jina kinaonyesha "Ng". Haangalii, anabonyeza Hifadhi. Kuanzia siku hiyo hifadhidata inamjua kama Ng.

Kuweka alama mbili za kunukuu badala ya moja ni tabia njema na naiomba kwa kila mmoja wenu, ila haitoshi, kwa sababu maelezo mengine yana alama mbili ndani yake. Dawa ni kuyabadilisha maandishi kabla hayajaingia kwenye sifa, ritifaa igeuke &#39; na alama mbili zigeuke &quot;. Django hufanya hivyo yenyewe kwa kawaida, React pia. Wanaoandika PHP wawe waangalifu zaidi: htmlspecialchars, ambayo wengi wetu tulifundishwa kama kinga, haikuwa ikigusa alama moja ya kunukuu mpaka uiagize, na ilibadilishwa iiguse bila kuagizwa katika PHP 8.1 ya mwaka 2021. Mifumo mingi ninayoitwa kuiangalia bado iko kwenye matoleo ya nyuma. Na si suala la majina peke yake. Mlango ambao jina la mzee linatokea kwa bahati mbaya, mwenye nia mbaya ataupita kwa makusudi: atafunga sifa yako na kuandika amri zake.

Ipo pia hatari ya kunakili msimbo kutoka kwenye ujumbe wa simu au hati ya Word. Alama za kunukuu huko hupindishwa ziwe za mapambo. HTML haizitambui kama alama za kunukuu. Ukiandika class=“kadi kubwa” kwa alama zile zilizopinda, ukurasa unapata darasa liitwalo “kadi, alama ikiwa sehemu ya jina, na sifa nyingine iitwayo kubwa”. CSS yako haishiki, na kwa macho mstari hauna tatizo. Ukisahau alama ya kufunga ndiyo mbaya zaidi: kivinjari kitaendelea kusoma kikimeza maandishi na tagi mpaka kikute alama inayofuata popote ilipo, hata kama ni viungo viwili mbele, na kiungo chako cha kwanza kitatoweka na maneno yake.

Na kwenye tagi ya html yenyewe, mstari wa pili wa karibu kila faili mnayoinakili, pameandikwa lang="en". Badilisheni. Programu ya kusoma skrini hutumia herufi hizo mbili kuchagua sauti na matamshi, na Kiswahili kinachosomwa kwa matamshi ya Kiingereza hakieleweki. Nimekutana na lang="tz" na lang="ke"; hizo ni nchi. Lugha ni sw, na ukitaka kutaja nchi, sw-TZ au sw-KE.

Sasa, namna ya kufanya kazi. Kila kivinjari cha kompyuta kina mahali pawili pa kuutazama ukurasa. Pa kwanza panaonyesha chanzo, yaani maandishi kama yalivyotoka kwenye seva. Pa pili ni kikaguzi, kinachoonyesha mti ambao kivinjari kimeujenga kutokana na maandishi hayo. Wanaoanza hudhani ni kitu kimoja. Chanzo ni ulichosema. Mti ni ulichoeleweka. Vikitofautiana, kosa liko pale pale vinapoanza kuachana, na kazi yenu ni kushuka navyo sambamba mpaka mfike hapo. tbody ikitokea kwenye mti ilhali hamkuiandika, msishtuke, kivinjari huiongeza kwenye jedwali. Kitufe kikitokea nje ya fomu, simameni.

Kisha tumieni kikagua-HTML cha W3C, kile kiitwacho Nu Html Checker. Mkipe ukurasa uliokamilika, uliokwisha kuunganishwa na seva, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza: kipande kimoja kimoja kitapita, na ukurasa utaanguka. Kinapatikana pia kama faili ya vnu.jar inayoendeshwa na Java kwenye kompyuta yako bila intaneti, na kwa sisi tunaonunua data kwa bando hilo si jambo dogo. Kikileta orodha ndefu, msiisome yote. Rekebisheni kosa la kwanza kutoka juu, peke yake, kisha ukagueni ukurasa tena. Div moja isiyofungwa mstari wa 20 huzaa malalamiko mengi chini yake, na mengi ya hayo yataondoka pamoja nayo. Anayeanzia katikati ya orodha huishia kurekebisha vitu visivyoumwa.

Na mkipata kosa, lirekebisheni kwenye kipande linakotoka, hata kama kipande hicho ni cha mwenzenu. Nendeni mkamwambie. Tulipomwendea mwenzetu wa kipande cha mdhamini hakuwa na kosa lolote la kuficha. Kipande chake kilikuwa sahihi kwa kazi aliyokikusudia. Alichofanya ni kuongeza mstari mmoja wa maelezo juu ya faili: kipande hiki kina form, kisiwekwe ndani ya form. Mstari ule umewaokoa watu nisiowajua.

Kwenye kompyuta zilizo mbele yenu nimeweka faili iitwayo mkopo.html. Ni ule ukurasa wetu wa zamani kama ulivyokuwa wiki ile, nimeondoa tu majina. Ifungueni kwenye kivinjari, jazeni fomu, bonyezeni Tuma, muone jinsi isivyojibu. Kisha fungueni kikaguzi, mkitafute kitufe.